Swali lilisema "tathmini", mimi nikaeleza

Haya jamani, leo sina stori za bweni wala za boom kuchelewa. Nimepata 9 kwa 20 kwenye asaimenti ya historia ya elimu, na nikichezea tena maksi za muhula huu, sapu inaninukia. Swali lilisema "tathmini". Mimi nikaeleza kurasa nane, miaka na majina yote yamo. Tathmini yenyewe hata mstari mmoja!

Kinachoniuma ni kwamba kwenye ukurasa wa kozi kulikuwa na jedwali la vigezo: maksi 10 ni za hoja zako mwenyewe. Chini yake kuna sehemu ya maswali. Darasa zima hakuna aliyeuliza. Kila mtu anaogopa kuonekana kilaza.

Kwa hasira nikaanza kufuatilia hivi vitu vilitoka wapi. Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilianza mfumo uitwao PLATO mwaka 1960, chini ya Donald Bitzer. Mashine inakupa somo na swali, wewe unajibu. Basi. Mwaka 1973 kijana wa miaka 17, David Woolley, akaandika programu ya PLATO Notes ili watumiaji waripoti hitilafu na wajibiwe. Wenyewe wakaigeuza baraza. Mmoja akiuliza, jibu wanalisoma wote.

Baadaye, huko Perth, Australia, Martin Dougiamas alikuwa akisimamia mfumo wa WebCT kwenye Chuo Kikuu cha Curtin. Hakuridhika nao, akatengeneza Moodle, toleo la 1.0 likatoka mwaka 2002. Aliamini mtu hujifunza kwa kujenga maarifa pamoja na wenzake, si kwa kumezeshwa, ndiyo maana majadiliano yamo ndani yake tangu mwanzo.

Kwa hiyo, wadau, mahali pa kuulizia pamekuwepo zaidi ya miaka 50. Tunaokosekana ni sisi waulizaji. Tunakesha tukidesa, na tunayemdesa naye hakuelewa swali!

Asaimenti mpya inasema "linganisha". Juzi nikajikaza, nikaandika: "Shikamoo mwalimu. Tunataja tofauti tu, au na yanayofanana pia?" Akajibu: vyote viwili, halafu useme kipi kina uzito na kwa nini. Jioni yake wenzangu wanne wakanifuata kantini kunishukuru. Wote walikuwa wameshaandika tofauti tupu.

Mwisho wa kukusanya ni Ijumaa. Someni kitenzi kwanza, na kama hakieleweki, ulizeni. Ngoja nikimbilie maktaba.