Kuita na Kuamuru: Kilatini Mbele ya Kigusii

Kilatini kiliingia Ugusii kwa njia ya altare. Mapadre wa Mill Hill walipoanzisha misheni ya Nyabururu mwaka 1911, waumini walianza kusikia lugha ambayo humwita Bwana Domine, si Dominus, na huwaamuru wengi kwa orate pale ambapo mmoja huambiwa ora. Jozi hii ya pili haimtatizi mzungumzaji wa Kiswahili, mwenye omba na ombeni.

Mtego uko katika umbo la kuitia. Mwanasarufi aliyelelewa katika Kilatini hulitafuta mwishoni mwa nomino. Asipoliona huko, huwa mwepesi wa kuamua kwamba lugha hiyo haina. Kumbe Kigusii huifanya kazi hiyo mwanzoni, tena kwa kupunguza. Abamura, yaani vijana, wakiitwa, irabu ya kwanza huachwa, wakawa bamura. Abana nao huitwa bana. Sarufi iliyozoea kuhesabu viambishi tu itaonaje kilichoondolewa?

Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu lugha za wenyeji zitumike zaidi katika ibada. Lakini neno Pater, ambalo katika kuitwa halibadiliki umbo hata kidogo, lina ugumu wa namna nyingine. Katika Kigusii mzazi wa kiume huitwa tata, na baba ni mama. Hivyo Mgusii wa Kisii au Nyamira asalipo kwa Kiswahili, humwita Mungu kwa neno lile lile alilomwitia mama yake jikoni.