Mfupa wa Ishango na Namba Tasa

Mto Semliki upitao magharibi ya Mutwanga hutoka katika Ziwa Edward, na mahali unapoanzia huitwa Ishango. Hapo, mwaka 1950, Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, mtaalamu wa ardhi na mawe, alichimbua mfupa wenye urefu wa sentimeta 10 hivi. Wataalamu wanakadiria umri wake kuwa miaka 20,000 au zaidi. Leo umehifadhiwa Brussels.

Mfupa huo umechanjwa alama katika safu tatu. Safu moja ina mafungu manne: 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20.

Namba tasa ni nini? Twaa punje 12 za maharagwe, uzipange mistari 3 ya punje 4 nne, zinatosha sawasawa. Ongeza punje moja, ziwe 13. Sasa panga upendavyo: mistari haitalingana, ila ukiweka zote katika mstari mmoja, au kila punje peke yake.

Basi, je, wazee wa Ishango walizijua namba tasa? Wako waliosema ndiyo, tena kwa fahari. Lakini tuangalie safu nyingine: 11, 21, 19 na 9. Namba 21 ni 3 mara 7, wala si tasa. Tena kila moja ya safu hizo mbili ina jumla ya 60. Kwa hiyo Alexander Marshack, Mmarekani, alidhani kwamba walihesabu siku za mwezi. De Heinzelin mwenyewe alifikiri huenda ni mchezo wa hesabu. Kuandika 13 ni jambo moja. Kujua kwamba 13 haigawanyiki ni jambo jingine.

Hata wenye elimu walijikwaa hapo. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, alitaja namba kubwa alizodai ni tasa. Mojawapo hupatikana kwa kuzidisha 2 zilizo 67 pamoja, kisha kuondoa 1. Ni namba ya tarakimu 21. Watu walikaa na neno lake zaidi ya miaka 200. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba si tasa, na mwaka 1903 Mmarekani Frank Cole akatoa namba mbili zinazoizaa: 193,707,721 na 761,838,257,287. Kila ajuaye kuzidisha aweza kujaribu mwenyewe.

Namba haijali cheo cha anayeitaja. Mwaka 2024 ilipatikana namba tasa yenye tarakimu 41,024,320. Nayo haikukubaliwa mpaka mashine nyingine zilipoipima upya.

Basi tusiwavike wazee wetu sifa isiyothibitishwa. Linaloelekea kuwa kweli latosha: kando ya ziwa letu, zamani sana, mtu alihesabu kwa uangalifu, akaona kwamba hesabu yake yastahili kuwekwa isipotee.