Mwenye Shaka Aliyekwenda Kupima

Mtu mwenye shaka hapati heshima kubwa makanisani mwetu. Tomaso tunamkumbuka kwa shaka yake tu, tukisahau kwamba alipooneshwa makovu alikiri palepale, wala hakutafuta kisingizio kingine. Nimemkumbuka nikisoma habari za Richard Muller, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Novemba 2009 barua pepe za watafiti wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, ziliibwa na kumwagwa hadharani. Waliokataa habari za ongezeko la joto duniani wakashangilia: udanganyifu umefichuka! Uchunguzi kadhaa uliofuata haukukuta namba za kughushi, ingawa watafiti walilaumiwa kwa kutokuwa wawazi. Muller naye aliwashutumu waziwazi, hasa kwa mchoro mmoja ambamo vipimo vya pete za miti vilivyokuwa vikishuka vilikatwa, pakaungwa vya vipimajoto vilivyokuwa vikipanda.

Ubishi wenyewe haukuwa wa kijinga. Kumbukumbu za joto za miaka mia na zaidi zimeandikwa na watu wengi, kwa vyombo tofauti. Kituo kilichowekwa shambani zamani, leo kimezungukwa na lami na kuta. Kituo huhamishwa, saa ya kusoma kipimajoto hubadilishwa, na wataalamu hulazimika kusahihisha namba. Ni nani atakayetuhakikishia kwamba masahihisho hayo hayana upendeleo? Anthony Watts, aliyewahi kutangaza hali ya hewa katika televisheni huko Marekani, aliwatuma watu wa kujitolea kupiga picha vituo vya nchi yao, wakakuta vingine vimekaa jirani na viyoyozi na maegesho ya magari.

Mwaka 2010 Muller na binti yake Elizabeth wakaunda kundi la kupima upya. Sehemu ya fedha ilitoka katika mfuko wa Charles Koch, tajiri mwenye biashara ya mafuta, na wengi walidhani jibu limekwisha kununuliwa. Watts alisema atayapokea matokeo yoyote, hata yakionesha kwamba yeye amekosea.

Wakakusanya vipimo vya vituo zaidi ya 36,000, vya zamani kabisa vikiwa vya karne ya 18. Wakalinganisha miji na mashamba, vituo vizuri na vibovu. Mwelekeo ukawa uleule. Mwishoni mwa 2011 walitangaza kwamba joto la nchi kavu limepanda kwa takribani nyuzi 0.9 za Selsiasi tangu miaka ya 1950, karibu sawa na walivyokuwa wakisema wale walioshukiwa. Julai 2012 Muller aliandika katika gazeti la New York Times kwamba yeye ni mwenye shaka aliyeongoka, na kwamba karibu ongezeko lote limesababishwa na binadamu. Hakulainisha mengine: aliendelea kusema kwamba mambo mengi yanayobandikwa mabadiliko ya tabianchi hayajathibitishwa.

Watts alikataa. Alilalamika kwamba matokeo yametangazwa kabla ya kuhakikiwa na wataalamu wengine, na hapo alikuwa na haki. Lakini uhakiki ulipofanyika, joto lilibaki palepale lilipokuwa.

Ninalileta jambo hili kanisani kwa sababu. Tumesali mara nyingi kuombea mvua, na kila tukimaliza ibada huzuka ubishi nje, chini ya mwembe. Wapo wanaosema habari za joto ni ujanja wa Wazungu. Wapo wanaosema ni dalili za siku za mwisho, kwa hiyo hakuna la kufanya ila kungoja. Mimi nilikuwa wa kundi hili la pili kwa miaka mingi, tena niliwafundisha hivyo vijana wa kipaimara. Kijana mmoja aliwahi kuniuliza hizo namba hupatikanaje. Nilimwambia asome Biblia yake.