Deni la Venice lililoichoma Konstantinopoli

Mtalii anayezuru Hagia Sophia mjini Istanbul haingii tena kwa mlango mmoja na wanaokwenda kuswali. Tangu Januari 2024 analipa euro 25 na kupandishwa ghorofani, ambako karibu kila mtu huishia mbele ya picha ya Yesu iliyotengenezwa kwa vijiwe vidogo vya rangi, simu ikiwa juu. Hatua chache kutoka hapo, sakafuni, kuna jiwe lenye herufi za Kilatini: HENRICVS DANDOLO. Wengi hulipita bila kuliona. Jiwe lenyewe si la kale, liliwekwa katika ukarabati wa karne ya 19. Mwenye jina, hata hivyo, alizikwa kweli ndani ya jengo hili mwaka 1205, na kwa mtazamo wa Wagiriki hakuna maiti iliyostahili heshima hiyo kwa uchache kuliko yake.

Hagia Sophia iliporudishwa kuwa msikiti Julai 2020, dunia iligawanyika kama kwenye uwanja wa mpira. Huku wapo waliokuwa wakililia kanisa la kabla ya 1453, kule waliokuwa wakiushangilia msikiti wa baada ya 1453. Ukiwasikiliza wote wawili utadhani jiji hili lilitekwa mara moja tu. Kumbe miaka 249 kabla ya Sultani Mehmed II wa Waturuki kuingia mwaka huo wa 1453, kanisa hilihili liliporwa, na walioporwa walikuwa Wakristo kama waporaji wao, watu waliokuwa wameshonea msalaba nguoni.

Uporaji huo ulikuwa sehemu ya Vita vya Nne vya Msalaba, na habari zake zimetufikia hasa kwa mashahidi wawili. Mmoja ni Geoffrey wa Villehardouin, mkuu wa kijeshi kutoka Champagne, Ufaransa, aliyeshiriki kuipanga safari tangu mwanzo na aliyekuwa na sababu zote za kuitetea. Wa pili ni Niketas Choniates, ofisa mkubwa wa ikulu ya Bizanti, dola ya Wagiriki iliyotawaliwa kutoka Konstantinopoli, yaani Istanbul ya leo, ambaye safari hiyo ilimwachia nguo za mwilini na familia yake. Makala haya yanamwegemea zaidi Choniates, na msomaji ni vizuri alijue hilo mapema.

Kilichoiponza Konstantinopoli kilianza kwa hesabu mbovu. Papa Inosenti III alitangaza vita mwaka 1198, lengo likiwa Yerusalemu. Aprili 1201 wajumbe, Villehardouin akiwamo, waliandikishana mkataba na Venice: merikebu za kuwabeba watu 33,500 na farasi 4,500, pamoja na chakula, kwa bei ya marki 85,000 za fedha. Venice ikaweka kando biashara zake na kushika misumeno na nyundo. Majira ya joto ya 1202 yalipofika, merikebu zilikuwa tayari zikielea, lakini watu waliotokea walikuwa kama theluthi tu ya idadi iliyoagizwa. Wakuu walichangishana, wakatoa hata vyombo vyao vya dhahabu na fedha, na bado zikapungua marki 34,000. Jeshi zima likakwama kwenye kisiwa cha Lido, haliwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Hapo ndipo Dandolo alipowashika. Alikuwa doge, yaani mtawala mkuu wa Venice, mzee aliyepita miaka 80 na kipofu, ila kwa hesabu za biashara hakuna mwenye macho aliyemfikia. Akawaambia deni litasubiri wakimsaidia kwanza kuuteka mji wa Zara, ambao leo ni Zadar nchini Kroatia. Zara ulikuwa mji wa Wakatoliki, chini ya mfalme wa Hungaria ambaye naye alikuwa ameweka nadhiri ya kwenda vitani. Wenyeji walitundika misalaba kwenye kuta ili wavamizi waone wanampiga nani. Haikusaidia. Novemba 1202 mji ukaanguka, na Papa akawatenga na Kanisa wote waliohusika. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Majira hayohayo akajitokeza kijana wa kifalme, Alexios Angelos, ambaye baba yake alikuwa amepinduliwa na kutobolewa macho na ndugu yake mwenyewe huko Konstantinopoli. Kijana aliahidi kila kitu. Wakimrudishia kiti atawapa marki 200,000, askari 10,000, na Kanisa la Kigiriki litamtii Papa. Watu wenye deni husikia vizuri sana ahadi za namna hiyo. Julai 1203 walishambulia, mfalme aliyekuwapo akatoroka usiku, na kijana akatawazwa pamoja na baba yake. Kisha akafungua hazina akakuta haina kitu cha kutosha. Akaanza kuvunja vyombo vya makanisa na kuyeyusha fedha za sanamu takatifu ili kuwalipa wageni waliokuwa wamepiga kambi ng'ambo ya bandari, upande wa Galata.

Ni katika kungoja malipo hayo ndipo lilipotokea jambo ambalo vitabu vingi hulipa mstari mmoja, nami nadhani ndilo moyo wa hadithi nzima.

Konstantinopoli ya wakati huo ilikuwa na msikiti. Wafalme wa Bizanti walikuwa na uhusiano mzuri na Salahuddin, sultani wa Misri, na wafanyabiashara Waislamu waliokuja na bidhaa zao walikuwa na mahali pa kuswali ndani ya kuta za mji mkuu wa Ukristo wa Mashariki, kwenye mteremko unaotazama bandari. Agosti 19, 1203, kundi la wanamsalaba lilivuka maji kwa mashua za wavuvi, likashuka pwani na kuuvamia msikiti huo. Walikuwa wameondoka kwao mwaka mzima uliopita kwenda kupigana na Waislamu, na hawa ndio Waislamu wa kwanza kuwafikia: wachuuzi, na mali za kuporwa.

Waislamu walijitetea kwa chochote kilichokuwa karibu. Kelele zikasikika mitaani, na anasimulia Choniates kwamba Wagiriki wa jirani walikuja mbio na silaha zao, wakasimama na Waislamu kuwazuia wanamsalaba. Si kwamba Wagiriki hao walikuwa watu wa kupenda kila mgeni. Mwaka 1182 umati wa jiji hilihili uliwachinja Walatini, yaani Wakatoliki wa Magharibi, waliokuwa wakiishi humo, wanawake na watoto hawakusazwa. Ila siku ya msikiti walijua nani jirani na nani mwizi.

Walipozidiwa, wavamizi walitia moto majengo. Upepo ukauchukua moto kutoka upande wa bandari ukaupitisha katikati ya jiji hadi bahari ya upande wa pili, Marmara. Majumba, mabaraza ya nguzo, mitaa ya maduka, vyote viliungua usiku na mchana, na moto ukaikaribia Hagia Sophia yenyewe. Jumba la Choniates, ambalo alilisifia sana, liliteketea.

Sasa mtazame Villehardouin. Anaandika kwamba wao kambini waliutazama moto kwa masikitiko, wakiona makanisa marefu na mitaa ya biashara ikiporomoka bila wao kuwa na la kufanya. Ni nani aliyeuwasha? Anasema hajui. Mtu aliyekumbuka mkataba wa merikebu kwa tarakimu zake zote anashindwa kujua ni watu wa kambi gani waliovuka maji na mienge. Anachokumbuka ni kwamba Walatini waliokuwa wakiishi jijini, 15,000 kwa hesabu yake, walikimbilia kambini kwa kuogopa kisasi. Hapo undugu wa Walatini na Wagiriki ukaisha. Jeshi likaongezeka watu, jiji likaongezeka hasira, na deni lilikuwa palepale.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Januari 1204 kijana Alexios alipinduliwa, baadaye akanyongwa. Machi, wanamsalaba na Venice waliandikishana tena, safari hii jinsi ya kugawana dola nzima, Venice ikitengewa robo tatu ya nyara mpaka madai yake yatimie. Aprili 12 wakaingia kwa upande wa bandari, na kesho yake wakaanza kupora kwa siku tatu. Nyumbu waliingizwa Hagia Sophia kubeba fedha iliyobanduliwa, na kahaba mmoja aliketishwa kwenye kiti cha patriaki, mkuu wa Kanisa la Kigiriki, akaimba. Sanamu za shaba za miungu na mashujaa wa kale, zilizokuwa zimepamba viwanja vya jiji kwa karne nyingi, ziliyeyushwa kuwa sarafu za shaba, na Choniates aliziandikia orodha kama mtu anayeandika majina ya marehemu wake.

Yeye mwenyewe aliokolewa na Mvenice. Mfanyabiashara wa mvinyo aitwaye Domenico, aliyekuwa amehifadhiwa nyumbani kwake, alivaa deraya na kusimama mlangoni akijifanya askari aliyekwisha kuiteka nyumba. Ilipokuwa vigumu kuendelea na mchezo huo, aliwatoa nje kama mateka wake. Aprili 17 msafara ukatoka jijini, mke wa Choniates akiwa mjamzito, wasichana wamejipaka matope usoni wasitamaniwe. Njiani askari alimnyakua binti wa hakimu mzee. Choniates, ambaye hakuwa na silaha, aliwakimbilia askari wengine wa Kilatini, akawasihi na kuwatia aibu hadi wakaenda naye kwenye nyumba alimofungiwa binti na kumlazimisha mtekaji amwachie. Walipofika mashambani, wakulima waliwacheka: wakubwa wa mjini nao leo wamefilisika.

Villehardouin anakadiria nyara kuwa na thamani ya marki 400,000 hivi. Venice ikalipwa. Yerusalemu wengi wao hawakuiona kamwe, na Papa, aliyefurahi mwanzoni, alikasirika alipopata habari kamili. Wagiriki waliurudisha mji wao Julai 1261, wakati manowari za Venice ziko mbali, lakini ulikuwa mji mwingine. Jiji lililokaliwa na mamia ya maelfu lilikuwa na watu kama 50,000 tu Mehmed alipolizingira.

Farasi wanne wa shaba waliotolewa uwanja wa mashindano wa Konstantinopoli wangali Venice. Wa asili wako ndani ya Kanisa la Mtakatifu Marko, nakala ziko nje juu ya lango. Napoleon aliwachukua mwaka 1797 na kuwapeleka Paris. Mwaka 1815 walirudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe akahesabiwa kuwa Venice. Pembeni mwa kanisa hilo imepachikwa sanamu ya wafalme wanne wa Kirumi, mmoja wao akiwa na mguu wa kubandika. Mguu wa asili ulifukuliwa Istanbul miaka ya 1960, uko kwenye makumbusho ya huko. Kwa maoni yangu, wanaopiga kelele kuhusu nani mwenye haki na Hagia Sophia wangeweza kuanza na mguu huo.

Mei 2001, akiwa Athens, Papa Yohane Paulo II aliomba radhi kwa yaliyotendwa na Wakatoliki dhidi ya Waorthodoksi, akiutaja uporaji wa Konstantinopoli. Aprili 13, 2004, miaka 800 kamili, Patriaki Bartholomew wa Waorthodoksi alilipokea ombi hilo la radhi mjini Istanbul, na Novemba mwaka huo Roma ikamrudishia masalia ya watakatifu Yohane Krisostomo na Gregori wa Nazianzo. Lilikuwa jambo la heshima, baina ya Kanisa na Kanisa. Wachuuzi wa ule msikiti wa bandarini, na majirani Wagiriki waliotoka na silaha kuwatetea, hawakuwa na kiti kwenye maridhiano hayo, na wanaoligombea jengo la juu ya kilima leo, wa pande zote mbili, ni nadra kuwataja.