Mvutano wa usiri na uwazi katika sarafu za kidijitali

Sarafu za kidijitali ni fedha zisizo na noti wala benki kuu. Hesabu zake hutunzwa na tarakilishi nyingi zilizounganishwa kupitia intaneti. Tangu Bitcoin ianze kutumika Januari 2009, wanaobuni sarafu hizi wamevutana kuhusu suala moja: je, malipo yaonekane na kila mtu, au yabaki siri ya mlipaji na mlipwaji?

Bitcoin ilichagua uwazi. Kila malipo huandikwa katika daftari ambalo yeyote anaweza kulisoma. Majina hayamo, ila anwani za herufi na tarakimu. Hata hivyo, mwenye anwani akishatambuliwa, malipo yote aliyoyafanya kwayo hufichuka, yakiwemo ya miaka iliyopita. Juni 2021, wapelelezi wa Marekani walifuata nyayo hizo na kutwaa Bitcoin 63.7 kati ya takriban 75 ambazo kampuni ya mafuta ya Colonial Pipeline ilikuwa imewalipa wadukuzi.

Watetezi wa usiri wanasema uwazi huo humwanika hata asiye na hatia. Mwajiri anayelipa mishahara kwa Bitcoin humpa mfanyakazi fursa ya kuchungulia anwani iliyotoa fedha hizo. Kwao, siri ya mtungi yafaa ijulikane na kata pekee. Ndiposa Monero ilizinduliwa mwaka wa 2014, ikichanganya saini ya mlipaji na za watu wengine, na kuanzia 2017 ikaficha kiasi pia. Zcash ilifuata mwaka wa 2016. Yenyewe hutumia hisabati kuthibitisha kuwa malipo ni halali bila kumtaja mlipaji, mlipwaji wala kiasi, ingawa mtumiaji anaweza kuchagua uwazi.

Lakini usiri una gharama. Agosti 2010, kasoro katika Bitcoin ilizaa sarafu bandia zaidi ya bilioni 184. Kwa kuwa daftari lilikuwa wazi, zilionekana na kufutwa katika muda wa saa chache. Mwaka wa 2018, kasoro iliyogunduliwa katika Zcash ingemwezesha mtu kuunda sarafu bandia bila kuonekana. Ilirekebishwa kimyakimya Oktoba mwaka huo, na umma ukaarifiwa Februari 2019. Wahandisi walisema hawakuona dalili kuwa ilitumiwa vibaya.

Nazo serikali zinashinikiza uwazi. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa 2024 inapiga marufuku kampuni za huduma za sarafu kushughulikia zile zinazoficha miamala, kuanzia Julai 2027.

Zcash imejaribu njia ya kati: mwenye sarafu anaweza kumpa mkaguzi ufunguo wa kutazama malipo yake. Hata hivyo, ufunguo huo huonyesha hesabu za mtu mmoja tu. Hauuwezeshi umma kuhesabu sarafu zote zilizofichwa. Kwa hilo, watumiaji hawana budi kutegemea usahihi wa hisabati na uangalifu wa wahandisi.