Timu Isiyo na Jirani

Barafu ninayoijua mimi ina harufu ya samaki. Ukikulia Busia, upande wa Kenya, barafu ni kitu kinachopondwa kwa rungu na kumwagwa juu ya mbuta na ngege ndani ya makasha, halafu maji yake yanateremka mtaroni yakibeba magamba. Hiyo ndiyo barafu. Ipo ya friji pia, na zile za rangi ambazo watoto hufyonza hadi ulimi unageuka kijani. Lakini barafu ya kusimamia, achilia mbali ya kukimbilia, hapana. Hatukuwa nayo hata kwenye mawazo.

Kwa hivyo mwisho wa 2018, jamaa mmoja aliponionyesha kwenye simu Wakenya wamevaa kofia ngumu na mapedi, wameshika magongo, wanateleza na kugongana, nilidhani ni mzaha. Ulikuwa mwaka ambao nilirudi nyumbani kutoka chuo bila cheti, na nilikuwa nashinda hapo karibu na mpaka nikitazama watu wanaojua wanakoenda. Niliipeleka hiyo video kwa mzee mmoja anayebadilisha pesa, Mganda, ambaye huvuka kila asubuhi na kurudi kwake jioni. Tulikuwa na mazoea ya kubishana juu ya Cranes na Harambee Stars, kwa hivyo nikaona leo nimempata.

"Mzee, ona. Timu ya Kenya ya hoki ya barafu."

Akatazama mpaka mwisho. Akanirudishia simu. "Uganda iko wapi?"

"Uganda hamchezi hii."

"Kampala hatuna kitu hicho, ni kweli. Sasa wanacheza na nani?"

Nikamwambia wamecheza na wazimamoto wa Kanada.

"Basi kijana wangu," akasema, "hiyo si timu ya taifa. Hiyo ni kilabu imevaa bendera."

Nilikasirika, nikaenda zangu. Lakini swali lake limenifuata miaka hii yote.

Kwanza habari yenyewe, kwa yule ambaye haijamfikia. Mwaka 2005, Hoteli ya Panari iliyo Mombasa Road, Nairobi, ilifungua uwanja wa barafu ndani ya jengo lake. Wazo lilikuwa la kibiashara tu: familia zije wikendi, watoto waanguke kidogo, wanunue chipsi. Uwanja wenyewe ni wa takriban mita za mraba 1,400, mdogo kuliko kipimo cha kimataifa, ambacho ni urefu wa mita 60 kwa upana wa hadi 30. Wageni kutoka Kanada na Marekani wanaofanya kazi Nairobi walipougundua walianza kuja na magongo. Mmoja wao, Mkanada aitwaye Tim Colby, ndiye aliyekuja kuwa kocha.

Wakenya waliingiaje? Kwa magurudumu. Nairobi kulikuwa na vijana waliozoea kuteleza kwa viatu vya magurudumu kwenye maegesho ya magari na kwenye lami, na wengi wa wachezaji walitoka huko. Mtu anayejua kusimama juu ya magurudumu manne yaliyopangwa mstari mmoja hahitaji muda mrefu kujua kusimama juu ya kisu cha chuma. Shida iko kwenye kusimama kwa maana ya pili, yaani kujizuia usiende. Juu ya lami unaweza kushika kigingi.

Mwaka 2016 wakajiita Ice Lions. Nahodha akawa Benjamin Mburu. Wakawa na jezi, na mazoezi usiku baada ya kazi. Wachezaji walikuwa wale wale kila wiki, wakijigawa nusu kwa nusu na kucheza wao kwa wao, kwa sababu hapakuwa na timu nyingine. Fikiria hilo kidogo. Umevaa jezi ya nchi yako, na mtu unayemkaba kila wiki ni yule mliyepanda naye matatu moja kuja uwanjani.

Hilo pengo ndilo Tim Hortons waliliona. Ni kampuni ya kahawa na maandazi ya Kanada, iliyoanzishwa 1964 na mchezaji wa hoki mwenye jina hilo, Tim Horton. Mwaka 2018 waliwachukua Wakenya 12, wakawapeleka Kanada, wakawapa vifaa kamili, wakawatafutia mechi dhidi ya timu ya wazimamoto. Halafu, wakiwa chumba cha kubadilishia nguo, mlango ukafunguliwa wakaingia Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakiwa wamevaa jezi ya Kenya. Kama hujui hoki, hebu chukulia umekaa kwenye benchi uwanjani Busia unafunga kamba za viatu, halafu Messi anakuuliza akae wapi. Filamu fupi waliyoitengeneza iliitwa *The Away Game*, yaani mechi ya ugenini. Ndiyo hiyo niliyoonyeshwa. Nitakubali kwamba nilitokwa na machozi kidogo, na pia kwamba ni tangazo la kahawa.

Sasa turudi kwa mzee wa pesa.

Sisi wa hapa tunajua kitu kimoja ambacho watu wa Nairobi hawalazimiki kukijua: taifa ni jambo la watu wawili. Kabla ya 1902, mtu akisimama Busia alikuwa Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika mpaka upande wa Naivasha. Mwaka huo Waingereza wakaukata na kuuweka chini ya himaya yao ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuitwa Kenya. Babu wa babu zetu hawakuhama hata hatua moja, nchi ndiyo iliyowahama. Kisha 1926 ikatoka amri ya serikali ya Uingereza iliyoandika mpaka huu kwa utaratibu, ukifuata Mto Sio hapa na Mto Malaba pale. Waiteso wakabaki pande zote mbili. Wasamia vilevile. Miji ikaja kuzaliwa miwili miwili yenye jina moja, Busia na Busia, Malaba na Malaba. Na neno boda boda, ambalo leo linatumika mpaka Kigali, lilianza na vijana wa baiskeli waliobeba watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine.

Mwaka huo huo, 1926, Kenya na Uganda zikaanza kucheza mpira kushindania Kombe la Gossage. Gossage ilikuwa kampuni ya sabuni ya Uingereza. Yaani amri ya mpaka na mechi ya mpaka zilikuja mwaka mmoja. Sidai kuna mtu alikaa London akapanga hivyo. Ila nikitazama tarehe hizo mbili zikiwa pamoja, naona kwamba karatasi peke yake isingetosha kumfanya mtu wa Malaba ajione Mkenya. Alihitaji pia Mganda wa kumfunga goli, au wa kufungwa naye. Kenya ilishinda kombe la kwanza. Katika miaka ya 1940 Tanganyika na Zanzibar wakaingia, na baadaye mashindano hayo yakageuka kuwa ya CECAFA, ambayo Waganda wametawala hadi inaudhi.

Reli ilipofika Kampala 1931, njia kati ya Nairobi na Kampala ilipita Malaba. Jirani alikuwa safari ya treni. Ilitosha timu moja ipande na nyingine ingoje stesheni. Hoki ya barafu haikuwahi kupata anasa hiyo. Wanachama wa shirikisho la dunia la hoki hiyo barani ni wachache. Afrika Kusini walijiunga 1937, wakati ambapo hapa hata wazo la nchi huru halijasemwa kwa sauti. Morocco waliingia 2010, na Algeria na Tunisia baadaye. Ukichora ramani, Kenya iko katikati, na wa kucheza nao wako kwenye ncha mbili za bara. Hakuna treni ya huko.

Kuna mtu mmoja alitangulia kwenye baridi kabla ya hawa, na napenda kumlinganisha nao. Philip Boit, wa upande wa Eldoret, huko juu kwenye barabara hii yetu ya malori. Alikuwa mkimbiaji wa mbio za kati. Kampuni ya Nike ikataka kuona kama mkimbiaji wa Kenya anaweza kugeuzwa kuwa mtelezaji wa theluji, ikampeleka Finland kufanya mazoezi, na Februari 1998 akashiriki Olimpiki za majira ya baridi kule Nagano, Japani, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Mbio za kilomita 10. Akamaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimsubiri kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia, sherehe ya medali ikangoja. Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Alirudi Olimpiki 2002 na 2006.

Watu husimulia habari hii kama ya mtu wa mwisho. Mimi ninachokiona ni kwamba Boit alikuwa na wapinzani 91. Hakuwa na timu, hakuwa na theluji nyumbani, lakini siku ile alikuwa na mtu mbele yake wa kumfukuza, na namba yake ikaandikwa kwenye orodha moja na ya bingwa. Ice Lions wao walikuwa na kinyume chake. Timu ipo, barafu ipo, kocha yupo, orodha haipo. Kwenye mbio saa inaweza kuwa mpinzani wako. Hoki haichezwi na saa. Kile kisahani cheusi cha mpira mgumu kinahitaji mtu wa kukinyang'anya.

Na utaona ni nani aliyelipa kila mara. Sabuni, viatu, kahawa. Rafiki zangu wengine wa Nairobi huishia hapo: ati ni matangazo, Mwafrika kwenye theluji ni kichekesho kinachouza. Wana hoja. Kwenye *The Away Game* mchezaji wa Kenya ni mpokeaji tangu mwanzo hadi mwisho, na kamera inapenda sana uso wake anapofungua zawadi. Lakini Kombe la Gossage lilikuwa tangazo la sabuni pia. Sabuni ikasahaulika, na leo Mkenya na Mganda wanaweza kupigana kwenye baa ya Busia kwa sababu ya penalti bila kujua hata kampuni hiyo ilikuwepo. Kwa hivyo mimi sijali sana aliyelipa mechi ya kwanza. Najali kama ya pili itachezwa bila yeye.

Ice Lions waliporudi kutoka Kanada walirudi kwenye uwanja ule ule mdogo, kwenye mazoezi ya nusu kwa nusu. Halafu ikaja korona 2020, na barafu ikafungwa. Timu ya mpira uwanja wake ukifungwa hujipatia shamba. Barafu ikizimwa umeme inakuwa maji, kwisha. Waliobaki walirudi kwenye magurudumu na lami.

Ndiyo maana habari ya Septemba 2024 niliichukulia kwa uzito kuliko ile video. Shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu, lililoanzishwa Paris 1908, liliipokea Kenya kuwa mwanachama mshiriki. Wanachama kamili ndio wenye kura, mshiriki hana. Wala haina maana kwamba kesho utaiona Kenya kwenye kombe la dunia, kwa sababu njia ya huko inaanza na mambo mengi, uwanja wa kipimo kamili ukiwemo. Hakuna Crosby aliyefungua mlango siku hiyo. Lakini ni karatasi, na mtu wa mpakani huheshimu karatasi. Inakupa jina kwenye orodha. Mtu wa Cape Town au Tunis akitaka kujua acheze na nani, sasa kuna anwani ya kuandikia.

Nilimtafuta mzee nikamweleza. Bado anavuka, ingawa sasa kazi yake imepungua, pesa nyingi siku hizi zinavuka kwa simu. Tulikuwa pale nje ya kile kituo cha pamoja cha mpakani ambacho Kenyatta na Museveni walikuja kukifungua Februari 2018, mwaka ule ule wa video. Nikamwambia Kenya imeandikwa rasmi.

"Na wa jirani?"

"Bado, mzee."

Akafikiri. Akaniuliza uwanja kama ule ni bei gani. Nikamwambia ni pesa nyingi sana, na umeme mchana na usiku, na mashine ya kulainisha barafu. Akauliza kama mchezaji anaweza kuanza kwa magurudumu tu, kwenye lami. Nikamwambia ndivyo wale wa Nairobi walivyoanza.

"Lami tunayo," akasema. Kisha akaniuliza kama ile video bado ninayo kwenye simu, kwa sababu ana mjukuu kule Tororo ambaye hashikiki.