Maisha ya Kuungaunga: Historia Iliyojificha Ndani ya Blanketi la Viraka

Mgeni akibisha hodi ghafla, kuna vitu vinafichwa chap. Ndoo ya vyombo inasukumwa uvunguni, nguo zilizorundikwa kwenye kiti zinakusanywa, na blanketi la viraka linakunjwa haraka upande wa ndani. Lile lenye kipande chekundu cha sweta la mtoto, kipande cha bluu cha gauni la kulalia na kingine chenye katuni iliyokatwa kichwa. Usiku wa kipupwe linapasha joto kinoma, lakini kwenye picha halitakiwi kuonekana. Mtu akiliona atasema hapa watu wanaishi kwa kuungaunga.

Sawa. Ila kabla hujalikunja, hebu lifumue kidogo kichwani, kiraka kimoja kimoja. Ukianzia Shinyanga ukaenda mpaka Geita, uko kwenye ardhi inayotoa pamba juu na almasi na dhahabu chini. Blanketi hilo limebeba karibu miaka 200 ya historia ya ukanda huo, na karibu wote waliolitengeneza hawajaandikwa popote.

Kitambaa kilikuwa pesa

Watu wa bara hawakusubiri meli ndipo wajue nguo. Wasafiri wa Kizungu waliofika Unyamwezi miaka ya 1850, kama Richard Burton, walikuta watu wakisokota pamba na kuifuma wenyewe. Shida ni kwamba kufuma kwa mkono kunachukua siku nyingi, na wakati huo kulikuwa na mpinzani mkubwa anakuja kutoka pwani.

Mpinzani huyo aliitwa merikani. Lilikuwa shuka la pamba lisilotiwa rangi, gumu kidogo, linalodumu. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Said, meli za bandari ya Salem, jimbo la Massachusetts, zilishusha kitambaa hicho Zanzibar kwa wingi. Kutoka hapo kilipanda bara kwenye mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma.

Huko bara merikani haikuwa nguo tu. Ilinunua chakula, ilinunua pembe za ndovu, ililipa hongo. Ndiyo, hongo, ambayo enzi hizo ilikuwa ushuru wa wazi anaolipwa mtemi ili msafara upite. Kitambaa kilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa shuka, na mashuka mawili yalikuwa doti. Ndiyo hiyo hiyo doti unayoitaja leo ukinunua kanga.

Sasa fikiria pamba yenyewe ilitoka wapi. Viwanda vya Massachusetts vilitumia pamba ya majimbo ya kusini ya Marekani, iliyolimwa na kuchumwa na Waafrika waliokuwa watumwa. Kwa hiyo Mwafrika asiye na jina aliilima ng'ambo, na Mwafrika mwingine asiye na jina akaibeba mpaka Unyamwezi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikaadimika, na vitambaa vya kutoka Bombay vikachukua sehemu kubwa ya soko.

Leso sita na mkasi

Huku pwani, kuelekea mwisho wa karne hiyo ya 19, wanawake walifanya kitu ambacho wapenzi wa mitindo wangepaswa kukikumbuka kila siku. Kulikuwa na leso za rangi, zinauzwa zikiwa hazijakatwa kwenye jora. Simulizi maarufu inasema wanawake wa Zanzibar walinunua kipande chenye leso sita, wakakikata katikati kupata vipande viwili vya leso tatu tatu, kisha wakavishona kimoja juu ya kingine. Ikawa nguo moja pana ya kujifunga. Wengine waliunganisha leso za michoro tofauti ili wapate kitu ambacho jirani hana.

Wafanyabiashara walipoona hivyo, wakaagiza nguo iliyochapishwa moja kwa moja kwa ukubwa huo. Ndiyo kanga. Nguo ya heshima kuliko zote, inayotolewa harusini na kumfunika mzazi na mwanawe, ilianza kama vipande vilivyoungwa. Nani alikuwa wa kwanza kushika sindano? Jina lake halipo. Jina la mfanyabiashara ndilo linalochapishwa kwenye pindo.

Pamba inatoka, nguo inarudi

Pamba ya biashara ilianza kupandwa Usukuma enzi za Mjerumani na ikatanuka sana chini ya Mwingereza. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilizalisha mbegu zilizofaa eneo hilo, na ukisikia mkulima anataja mbegu ya UK, hiyo si Uingereza, ni Ukiriguru. Mpaka leo zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Tanzania inatoka kanda ya magharibi inayojumuisha Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Geita.

Miaka ya 1950 wakulima walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakaweka watu wao wenyewe wa kuhakiki uzito pale pale pamba inapouzwa. Kutoka kwenye hasira hiyo vikakua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana chini ya Victoria Federation of Co-operative Unions. Jina la kiongozi wake, Paul Bomani, liko vitabuni, na anastahili. Wale waliosimama juani kukodolea mizani macho hawamo.

Linganisha na jirani yao. Mwaka 1947, Mwadui, mkoani Shinyanga, ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5. Alipewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi, na ikaja kuwekwa kwenye pambo la kifuani linalojulikana duniani kote. Jiwe moja lina wasifu wake kamili. Marobota ya pamba yaliyotoka wilaya hizo hizo mwaka huo huo hayana hata mstari.

Baada ya uhuru vikajengwa viwanda vya nguo, kama Urafiki Dar es Salaam na Mwatex Mwanza. Ndoto ilikuwa rahisi kueleweka: pamba ya Usukuma ivaliwe Usukuma. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, viwanda vikaanza kukosa vipuri na umeme, na baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 nchi ikaishiwa karibu kila kitu.

Waulize wazee kuhusu foleni za maduka ya RTC. Mtu anapanga foleni bila hata kujua zamu hiyo kimeletwa nini, sabuni au kitenge. Suruali iliyochanika haikutupwa. Iliwekwa kiraka, na kiraka kikichanika kikawekewa kiraka. Aibu ya viraka ambayo watu wanayo mpaka leo imetokea hapo. Ni kumbukumbu ya mkulima wa pamba aliyekosa shuka.

Kafa Ulaya, na kitambaa kinachoteleza

Katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ilifunguliwa na mitumba ikamiminika. Watu wakaibatiza jina "kafa Ulaya", kwa imani kwamba hakuna mzima anayeweza kugawa nguo nzuri hivyo. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa ifikapo 2019, lakini mitumba bado ipo, Katoro ipo, Kahama ipo.

Ndani ya marobota hayo kulikuwa na kitu kipya: vitambaa laini vya manyoya mafupi. Sweta za flisi, mablanketi ya watoto, magauni ya mahameli ya kuvutika. Flisi ilibuniwa mwaka 1979 na kampuni ya Malden Mills, katika mji wa Lawrence. Lawrence iko jimbo gani? Massachusetts. Jimbo lile lile la merikani. Safari hii tu haina pamba hata kidogo, ni poliesta, inayotokana na mafuta ya petroli.

Kwa fundi, flisi ni mtihani. Ukiishika inabembeleza, ukiiweka chini ya sindano inageuka mkorofi. Meno ya cherehani yanavuta kitambaa cha chini huku mguu ukikizuia cha juu, basi ukifika mwisho cha juu kimezidi na ukingo umekwenda kombo. Ukitumia mishono midogo midogo kinajikunja mawimbi. Ukikilazimisha kwa pasi ya moto, kinayeyuka. Halafu manyoya yana upande: pitisha kiganja huku yanalala, pitisha kule yanasimama. Viraka viwili vya rangi moja vikigeuzwa pande tofauti vinaonekana kama rangi mbili.

Fundi mwenye subira hapambani nacho. Anakata viraka vyote manyoya yakielekea upande mmoja. Anatumia sindano yenye ncha ya mviringo, inayopenya katikati ya nyuzi bila kuzichana. Anabana pini karibu karibu, kisha anapiga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya muda ya kushikilia tu, na mishono ya kudumu nayo anairefusha kidogo. La muhimu zaidi, haungi laini kwa laini peke yake. Chini anatandaza kitambaa cha pamba kisichovutika, kanga kuukuu au marekani ya dukani, na kila kiraka anakishonea juu yake. Mwisho anafunga mafundo kila baada ya shibiri moja ili tabaka zisiachane.

Soma hapo tena. Kitambaa laini cha ng'ambo hakitulii mpaka kishikwe na pamba. Ukigeuza blanketi upande wa pili, ule ambao hakuna anayeupiga picha, utakuta kanga iliyofifia au shuka ambalo bado linaitwa kwa jina la Marekani, wakati nje ya mlango pamba inapelekwa kuchambuliwa, na sehemu kubwa yake inasafirishwa ikiwa bado haijawa uzi.

Linalohama na dhahabu

Ukanda huu watu wake hawakai sehemu moja. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, mgodi mkubwa wa sasa ukazinduliwa mwaka 2000, na Geita yenyewe ikawa mkoa mwaka 2012. Pembeni ya hiyo migodi mikubwa kuna maelfu ya wachimbaji wadogo. Dhahabu ikisikika imetoka mahali, rashi inaanza, na baada ya siku chache porini kuna vibanda vya turubai, mama ntilie, simu za kuchajishia na deni. Ikikata, watu wanafungasha.

Kwenye maisha hayo kitanda hakibebeki na godoro ni mzigo. Blanketi linaingia kwenye kiroba. Anayehama na vipande vya sweta la mwanawe, gauni la mama yake na kanga aliyofungwa siku ya harusi amebeba nyumba nzima, na hahitaji kueleza.

Dhahabu hupimwa kwa gramu na ina cheti. Almasi ina karati na hadithi. Blanketi la viraka lina aliyelishona tu, na akiondoka bila kuulizwa, vile vipande vinabaki kuwa vitambaa.

Kwenu lipo? Basi leo usilifiche. Lifungue, mpigie bibi, mama au shangazi aliyelishona, na umuulize kila kiraka kilikuwa nguo ya nani. Andika majina.